Yule Muuza Karanga za Sapini

Sifa, mutoto wangu,

Mama yako hakukukimbia. Ni mimi nilimfukuza. Nimeliandika mbele ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitakuuliza habari za kwaya, nitakuambia ukunje vizuri ile blauzi nyeupe, na karatasi itakwisha neno lenyewe likiwa bado kooni.

Sasa limetoka. Ukitaka kuacha kusoma hapa, acha. Lakini utabaki na nusu, na nusu nilikulisha tangu utotoni.

Umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba, chini ya mti wetu wa sapini, daftari lako la zamani likiwa juu ya magoti. Jua limeshaingia nyuma ya milima, unajua linavyotuacha mapema hapa Rugenge, lakini mbele kule ziwa bado lina mwanga na upande wa Burundi unaonekana. Nimeandika tangu asubuhi, kila ulipotoka nje kidogo. Uliporudi nilikalia daftari. Uliniuliza, "Koko, mbona leo unakaa kama kuku wa mayai?" Bibi yako alikuwa amekalia maneno haya. Ndiyo sababu.

Herufi hizi ulinipa wewe, ukiwa darasa la tatu. Sikuingia shule hata siku moja, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa hana meno mawili ya mbele. Ulinipiga vidoleni kwa kijiti kila nilipoandika herufi ikitazama nyuma. Ulinifundisha Kiswahili cha kitabu, nami najitahidi. Lakini mahali ambapo watu wanasema, nitaacha maneno vile yalitoka mdomoni mwao. Nikiyanyoosha nitakuwa nadanganya tena, na leo nimechoka nayo kazi hiyo.

Mambo ya musikitere, ile neti ya mbu, na sabuni, na baridi ya Lemera unakokwenda kusoma, sikuandikii. Baridi mtakutana. Nataka nikuambie habari ya huu mti, kwa sababu mama yako yumo ndani yake, na sijui njia nyingine ya kufika kwake.

Unajua ninavyowaambia wageni: "Sapini hii niliileta mimi kutoka Rurambo, nikaipanda na mikono hii." Umesikia mara nyingi mpaka ukawa unasema pamoja nami, ukiniigiza, mkono kiunoni. Ni uongo. Mkono wangu haukuugusa mti huu ulipokuwa mdogo, isipokuwa siku moja, na siku hiyo nilitaka kuung'oa.

Mume wangu Zakaria, babu yako uliyemwona kwenye picha tu, alikuwa mlinzi wa kiwanja cha misioni kule juu Rurambo, kwetu. Mtu fulani wa zamani alipanda pale mti mmoja uliokuwa tofauti na sapini zingine. Zingine zinakwenda juu kama mkuki, halafu mtu anakata mbao. Huu ulikwenda juu kidogo, ukatanuka kama mwavuli, matawi ya chini yakaanguka yenyewe, na gome likapasuka vipande vipande vyekundu kama vigae. Majani yake ni sindano ndefu, zinakaa mbili mbili. Na ndani ya lile tunda lake gumu lenye magamba kuna mbegu zinazoliwa. Wewe uliniambia kitabu kinauita msonobari. Sisi tulisema sapini ya karanga, basi.

Zakaria alipewa matunda mawili. Akapanda mbegu nyuma ya nyumba yetu, mahali pa mawe matupu, ambapo hata maharagwe yalikuwa yamekataa.

"Zakaria," nikamwambia, "uko na shamba muzuri kule chini, unapanda muti kwa mawe?"

"Huu muti hapendi mayi kwa miguu," akasema. "Anapenda jua, na mchanga, na kuachwa kimya."

"Ungemuoa yeye basi."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka bila sauti, mabega tu.

Miaka miwili ya kwanza mti ulikuwa kitu cha kuchekwa. Kimo cha kiganja, majani laini ya rangi ya moshi, hata hayakufanana na ya mamake. Wachungaji wakipitisha ng'ombe walimuuliza, "Mzee, mboga yako haijaiva tu?" Yeye alisema mti unashuka kwanza. Mzizi mmoja unakwenda chini, chini kabisa, kutafuta, na huku juu hauonyeshi kitu. Kisha kikaja kiangazi kibaya, majani yote ya malisho yakawa kama karatasi iliyoungua, watu wakapeleka ng'ombe mbali. Ule mti ulibaki kijani. Hakuna aliyeutilia hata kikombe. Baada ya hapo waliacha kucheka, wakaanza kuomba mbegu, na Zakaria akawaambia wangoje.

Kungoja kwenyewe, Sifa. Mti ulipozaa, mama yako Noela alikuwa msichana wa kuweza kupanda juu kuchuma. Tunda moja linakaa miaka mitatu kabla halijakomaa. Mwaka wa kwanza ni kama kidole gumba cha mtoto. Wa pili unadhani limekufa. Wa tatu linanenepa ghafla, unaliweka karibu na moto, linafungua magamba yake moja moja, linalia ta, ta, ta. Mbegu zake zina vumbi jeusi kama masizi. Noela alizivunja kwa jiwe juu ya jiwe, na mikono yake ilikuwa myeusi tangu Julai mpaka Septemba. Nilimgombeza kanisani. Alikaa ameificha chini ya kitenge.

Halafu vita vilipanda mpaka kwetu. Siku ile siiandiki. Zakaria alizikwa karibu na mti wake kwa sababu hapakuwa na muda wa kumpeleka mahali pengine, na sisi wawili, mimi na Noela, tukajua lazima tushuke Uvira.

Hapa ndipo uelewe vizuri. Katika nyumba yetu tulikuwa na desturi, niliipokea kwa mama mkwe wangu, naye sijui aliipokea kwa nani. Nyumba iliyozika mtu kwa damu haihami na udongo wa mahali pale. Mkifika kijito cha kwanza mnaosha miguu, mnaosha jembe, mnaosha sufuria chini, ili kifo kisijue mlikokwenda. Pasta alisema hiyo haimo ndani ya Injili. Nami nilimwona pasta mwenyewe, siku zile, ameinama kijitoni anasugua viatu.

Zakaria alikuwa ameacha miche kwenye sashe nyeusi, vile vifuko vya plastiki. Alijaza sashe zile kwa udongo wa chini ya mti mkubwa, udongo wenye harufu ya uyoga, na alisema daima, "Hawa wanataka udongo wa mama yao." Mimi nilichukua miche tisa, na kijitoni nikaitoa ndani ya sashe mmoja mmoja. Niliosha mizizi mpaka ikawa myeupe kama nywele zangu za leo. Ilikuwa na nyuzi nyembamba nyembamba zimeishika, kama utando wa buibui. Nilizisugua zote zikatoka. Nikaifunga kwa kitambaa kibichi. Nilifanya kazi safi, na nilikuwa nalia, na mtu anayefanya kazi safi huku analia hasikii la mwingine.

"Mama," Noela akasema, "baba alisema udongo usitoke."

"Baba yako iko ndani ya udongo ule. Unataka tumubebe?"

"Ndiyo," akasema.

Nilimwambia aoshe miguu. Akaosha. Kikapu chake sikukifungua.

Tukafika Uvira, hapa Rugenge, tukapewa nyumba hii. Nilipanda miche yangu tisa kwa mstari mzuri, kule ambapo maji ya jikoni yanapita, nikaitilia maji asubuhi na jioni kama watoto wa hospitali. Ilisimama. Haikufa, haikukua. Ikawa ya njano. Nikaongeza maji. Ikawa ya njano zaidi, nikaongeza tena. Msimu wa pili wa mvua yote tisa ilikuwa vijiti.

Siku niliyokuwa naving'oa, nikaona kule kwenye kona, kwenye kokoto ambazo mvua kubwa inaleta kutoka mlimani, sapini moja ya rangi ya moshi imesimama. Karibu yake kopo la maziwa limekatwa kwa kisu. Ndani ya kopo kumeshika udongo mweusi wa kwetu. Noela alikuwa ameibeba ndani ya kikapu, chini ya nguo, siku ile ile.

Nilimpiga kofi. Alikuwa mkubwa tayari, ananipita kimo. Nikaushika mti niung'oe, halafu mkono ukakataa, kwa sababu harufu yake ilikuwa harufu ya shati la Zakaria. Nikaacha. Tangu hapo sikuutazama mpaka ukanipita urefu. Watu walipoanza kuuliza nani amepanda, Noela hakuwa hapa tena kujibu. Nikajibu mimi.

Sasa habari yako.

Baba yako alikwenda kutafuta dhahabu kabla hujazaliwa na hakurudi. Hilo nililokuambia ni kweli, sikuongeza na sikupunguza. Ulipokuwa unaanza kutambaa, watu wakaanza kusema kule juu kumetulia, wengine wakapanda kurudi. Noela akaja kwangu jikoni, nilikuwa nasonga bugali.

"Mama, minye nitarudi Rurambo. Shamba ya baba iko inaota majani. Mutoto atakomalia kwake."

"Mutoto gani?"

"Wangu, Mama. Mutoto wangu."

"Ule udongo ulikula baba yako. Huyu hatakanyaga pale. Kama unaenda, enda peke yako."

"Basi nitaenda kujenga kwanza, nitakuja kumuchukua."

"Kuja," nikasema.

Alikuja. Kiangazi kilichofuata alifika na kitambaa kipya cha kukubebea mgongoni, cha maua mekundu. Nilikushika nikamwambia hivi, nayaandika vile vile: "Ukimuchukua huyu mutoto, nitakulaani juu ya kaburi ya baba yako." Unajua laana ya mama kwetu si mchezo. Akakunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, akakiweka juu ya kiti, akaondoka. Ni kile nilichokitumia kukubebea mpaka ukaweza kutembea. Ulipoanza kuuliza mama yako yuko wapi, nilisema alikuacha mlangoni akakimbia.

Nilikuosha, Sifa. Sikusema jina lake katika nyumba hii. Ulipofanana naye nilikunyoa nywele nikasema ni chawa.

Sasa umkumbuke muuza karanga.

Ulikuwa na miaka minne alipokuja na karanga mara ya kwanza. Nilitoka nje nikamkuta Noela amekaa hapa hapa nilipokaa, mgongo kwenye mti wake, na kifurushi cha mbegu za sapini miguuni. Kabla sijasema neno, wewe ukatokea nyuma yangu, ukaniuliza, "Koko, huyu mama ni nani?" Mimi nikasema, "Ni muuza karanga."

Alinitazama. Sijaona tena macho yale kwa mtu yeyote. Alikuwa na uwezo wa kusema neno moja akanivunja mbele yako. Akakuambia, "Ndiyo. Nauza karanga. Leta mikono." Ukanyoosha viganja viwili, akakujazia. Alikuonyesha namna ya kuvunja kwa jiwe bila kupondaponda. Mikono yako ikawa myeusi mpaka kiwiko, ukaniletea unionyeshe, ukicheka. Nilikuosha kwa sabuni mara tatu.

Akaja kila kiangazi. Hakukushika hata siku moja zaidi ya viganja. Ulimngoja. Ukianza kuona vumbi barabarani ulikuwa unauliza, "Muuza karanga atakuja lini?" Mimi nilikuwa nakaa mlangoni natoa mawe kwenye mchele, nawasikiliza. Alikusimulia mti wa kule juu, namna mbegu inavyotaka jua na haitaki kulowa, namna usivyoweza kuuhamisha mti ukishakuwa mkubwa kwa sababu ule mzizi mmoja ukikatika ndiyo basi. Ulikuwa unasikiliza mdomo wazi. Hukunisikiliza mimi namna hiyo.

Halafu ile siku, ulikuwa na miaka tisa, ukamuuliza:

"Muuza karanga, weye uko na watoto?"

"Niko naye mumoja," akasema.

"Anaitwa nani?"

Nilikuita ndani kwa sauti ambayo mpaka jirani aliuliza kama nyoka ameingia. Ukaingia. Nikatoka kwake.

"Usirudie tena kuja hapa."

"Mama, minye sikuje kukunyang'anya. Nakuja tu kumuona."

"Umemuona."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwa mtoto niliyemzaa. Umemuona. Alifunga kifurushi chake, akapangusa gome la mti kwa kiganja kama mtu anayeaga ng'ombe, akatoka. Wewe ulilia wiki nzima ukidhani ulimkosea kwa swali lako. Hukumkosea. Nilikuona unalia na sikukuambia.

Yale makopo ya karanga unayoyakuta jikoni kila Agosti, nikikuambia nimenunua sokoni, sikununua. Anayaleta yule mama wa jibini anayeshuka kutoka juu, anayaacha bila neno. Hata miaka ambayo mti wetu wa hapa umezaa wenyewe, makopo yamekuja. Uliwahi kusema ya sokoni ni matamu kuliko ya kwetu. Nilikasirika, hukujua kwa nini.

Utauliza ni nini kimenibadilisha, maana sikuzaliwa mtu wa kubadilika. Ni yule binti agronome, yule wa mambo ya kilimo, aliyekuja kiangazi kilichopita kuutazama mti, yule mwenye buti za mpira, uliyempa kiti. Wewe ulikwenda mtoni kufua. Alizunguka mti, akaupigapiga, akachimba kidogo kwa kidole pembeni mwa mzizi, akaniita.

"Koko, angalia. Unaona hizi nyuzi nyeupe?"

Nikaziona. Zilikuwa zile zile.

Akaniambia mti wa namna hii haujui kula peke yake. Kuna kitu kinaishi kwenye udongo wa chini ya miti yake, ndicho hicho, ndugu yake uyoga, kinashika mizizi na kuipa chakula, nacho mti unakilisha. Mahali ambapo sapini haijawahi kuota, kitu hicho hakipo. Ukipeleka mche bila udongo wake, unasimama na njaa mpaka unakufa, na ukiutilia maji unauharakisha.

"Kwa hiyo anayeupanda lazima abebe udongo," nikasema.

"Kiganja kimoja tu kinatosha, Koko. Weye ulijuaje kuubeba? Wengine wote wanapoteza miche."

Alinisifu, Sifa. Alikuwa na kalamu yake, anataka kuandika namna nilivyofanya. Mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nilishindwa kusema "mikono hii". Nikamwambia, "Si mimi. Ni binti yangu. Mimi nilikuwa naosha." Akaandika "binti wa Koko", akaniuliza jina. Nikasema Noela. Nililisema kwa sauti hapa nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeanguka.

Sisemi wewe ni mti. Mti haujibu, na wewe unajibu hata usipoulizwa. Nakuambia tu nililoliona: nilikuwa na miche tisa na mtoto mmoja na mjukuu mmoja, na wote niliwapeleka kwenye maji, nikasugua nikidhani ni uchafu. Nilifanya kwa upendo. Usimwamini mtu kwa sababu tu anafanya kwa upendo, hata nikiwa mimi. Nilikuwa naogopa udongo wenye kaburi la mume wangu, basi. Niliogopa peke yangu, nikawalipisha ninyi.

Ndiyo sababu ulipokuja na karatasi ya shule ya uuguzi ya Lemera nilikuwa kama kichaa. Unakumbuka. Nilisema utafute Bukavu, nikasema huko juu barabara ni mbaya, pikipiki zinaanguka, nikasema sijui nini kuhusu mapafu yako. Ukaniambia, "Koko, weye unaogopa nini hasa?" Uliuliza vizuri. Kutoka Lemera mpaka Rurambo si mbali kwa mtu anayejua njia za miguu, na Noela anazijua zote. Anakwenda huko kuuza mbegu zake. Ungekutana naye kwenye soko hata kabla hujazoea kitanda chako. Ungemwita muuza karanga, ungefurahi, na yeye angenyamaza tena kwa ajili yangu. Hilo sikuweza kulibeba. Kunyamaza kwake mara ya pili.

Wiki tatu zilizopita nilimpa mama wa jibini ujumbe. Nilisema: "Umwambie Noela mtoto anapanda Lemera kusoma. Umwambie nimeondoa yale maneno ya kaburi. Aende kumuona." Wiki iliyopita mama wa jibini akashuka. Wewe ulikuwa unapiga pasi. Nilimvuta huku nyuma.

"Amesema nini?"

"Ameweka mbegu zake chini. Halafu amesema: muulize mama, niende kama nani?"

Nimekaa na swali hilo siku saba. Usiku nalala nalo, asubuhi linaamka kabla yangu. Niende kama nani. Nilijaribu kulijibu, nikaona kila jibu ninalotoa ni mimi tena naosha mizizi. Mimi nilimpa jina la muuza karanga; siwezi kumvua kwa ujumbe wa jibini. Jibu liko kwako. Ukimwona, utamwita utakavyomwita, na yeye atajua.

Na ukiamua kunichukia, nichukie ukiwa umeshiba, usiache kula. Nitalipokea. Sitakutumia pasta wala shangazi yeyote kukutuliza. Ukiamua likizo zako zote uzikae Rurambo, kaa. Kaburi la babu yako liko upande wa mawe, kati ya nyumba na mti, Noela atakuonyesha. Nimesikia mti ule sasa unafunika kaburi lote.

Mimi nitakuwa hapa. Sijawahi kupika bugali wa mtu mmoja, sijui kipimo chake. Nilipoolewa tulikuwa wengi, halafu watatu, halafu wawili, na wawili nilishawazoea. Nitazidisha unga siku za kwanza, kuku watanenepa. Ile saa unayofanya mazoezi ya sauti ya pili, nikikupigia kelele unyamaze nisikie redio, nitafungua redio na sitaisikia vizuri, najua. Jirani ataniuliza, "Koko, mbona kwako kimya?" nitamwambia aangalie ya kwake.

Hapa juu yangu kuna matunda matatu madogo, yale ya kidole gumba. Yametoka msimu huu. Uliniambia masomo yako ni miaka mitatu. Sisemi zaidi. Sikuahidi kitu na usiniahidi kitu. Nayataja tu kwa sababu nimeinua kichwa nikayaona.

Nasikia sauti yako kule njiani, unaagana na mtu, unacheka. Nakunja. Nitaweka karatasi hizi chini ya blauzi nyeupe. Usizisome mbele yangu.

Jambo moja. Tangu ukiwa mdogo, kila ukisafiri, hata kwenda Sange siku mbili, unakuta nimeweka basini la maji mlangoni, nakuosha miguu ndipo unavaa viatu. Ulizoea, ukadhani ni baraka. Kesho asubuhi utalitafuta kwa mazoea. Usilitafute. Nimelipindua nyuma ya nyumba, kuku analala juu yake. Pita hapa chini ya sapini peku, halafu uvae viatu uende hivyo hivyo, na vumbi lako.

Koko wako